Barua pepe ya ofisi inaingia kwenye simu lakini haitoki: uzoefu wangu hapa Mwanza

Mkuu, nimesoma swali lako lote. Unafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, umenunua simu mpya, umeweka barua pepe yenye jina la kampuni yenu. Barua zinaingia vizuri, lakini ukimjibu mteja wa Kongo ujumbe unakwama, unazunguka tu. Halafu ukiwa melini kwenda Nansio hata kuingia haziingii. Kuna aliyekushauri hapo juu urizeti simu. Tafadhali usifanye hivyo. Utapoteza picha na namba za watu, na ukimaliza utakuta tatizo liko pale pale, maana simu yako ni nzima.

Nimeunganisha simu za watu wa hapa mjini na visiwani kwa miaka mingi, na kilio hiki ndicho kinachojirudia kuliko vyote. Kupokea barua na kutuma barua ni kazi mbili, na kila moja ina seva yake (kompyuta inayohudumia barua), namba yake ya poti (mlango wa kuingilia seva hiyo), na mahali pake pa kujaza jina na nenosiri. Kupokea ni IMAP au POP3. Kutuma ni SMTP. Kama barua zinaingia, basi intaneti ipo na nenosiri la upande wa kupokea ni sahihi. Kwa hiyo laini na APN (mpangilio wa simu wa kuingia intaneti ya mtandao wako) achana navyo kabisa, nenda kwenye SMTP.

Fungua mipangilio ya akaunti hiyo, shuka hadi seva ya kutuma, uangalie namba ya poti. Nina hakika kubwa utakuta 25. Poti hiyo ni ya seva kuzungumza na seva nyingine, na kampuni nyingi za simu zimeifunga kwa wateja wa kawaida kwa sababu virusi viliitumia kumwaga barua taka. Weka 465 na uchague SSL/TLS, au 587 na uchague STARTTLS; hizo ni njia mbili za kulinda mawasiliano yasisomwe njiani. Usichanganye, kwa sababu 465 ukiipa STARTTLS itazunguka hadi ichoke. Ukitaka kuhakikisha kabla ya kubadilisha, jaribu kutuma kwa Wi-Fi kisha kwa bando. Ikitoka kwa Wi-Fi na kukwama kwa bando, ni poti.

Kama poti iko sawa, tazama jina na nenosiri la upande huo wa kutuma. Hapa watumiaji wa iPhone wanaumia sana, kwa kuwa zile nafasi zimeandikwa kwamba si lazima kujaza, na mtu anaziacha wazi. Seva nyingi za kampuni hazikubali kutuma barua ya mtu asiyejitambulisha. Jaza anwani nzima, pamoja na alama ya @ na kinachofuata, si jina la mbele peke yake. Kwenye Android hakikisha umewasha ile sehemu inayodai kuingia kwa nenosiri wakati wa kutuma.

Sasa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Kuna ofisi moja Nyakato waliniita, barua pepe imekufa kwa wafanyakazi wote wakiwa kwenye Wi-Fi, lakini mtu akiwasha bando lake inafanya kazi. Walikuwa wameshalaumu ruta, wameshalaumu waliowauzia intaneti. Nikauliza kama kuna nenosiri lililobadilishwa karibuni. Ndiyo, la akaunti ya mauzo. Basi ilikuwepo simu ya zamani, imechomekwa chaji kwenye droo, bado ina nenosiri la zamani na inagonga seva kila baada ya dakika chache. Seva ilihesabu makosa yale kama mwizi anayebahatisha, ikaifungia anwani ya intaneti ya ofisi nzima. Tuliitoa akaunti kwenye ile simu, tukawaomba wenye seva waifungue anwani, kazi ikarudi. Kwa hiyo mkuu, simu yako ya zamani iko wapi? Kama umempa mtoto achezee gemu, ondoa akaunti ya kazi humo leo.

Kuhusu melini. Ukishaacha bandari, mnara unakuwa mbali, simu inashuka kutoka 4G hadi 3G, mara E (ile intaneti ya polepole sana), mara hakuna kitu. WhatsApp inavumilia hali hiyo kwa sababu ujumbe wake ni mdogo. Barua yenye viambatisho inaanza, inakatika, inaanza upya, na bando linaliwa. Weka simu isawazishe barua za siku 7 badala ya zote, na viambatisho vipakuliwe ukiwa kwenye Wi-Fi tu. Picha za mzigo na za vibali zipunguze ukubwa kabla ya kutuma. Gmail ina kikomo cha MB 25, na faili likifungwa ndani ya barua huongezeka kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo picha za MB 20 tayari zinagombana na kikomo hicho. Watu wa Mabatini na Bugarika mnaoishi nyuma ya mawe makubwa, haya yanawahusu pia: mlangoni 4G, chumbani E.

Jingine la kwetu: kufanya kazi kwa WhatsApp si ushahidi kwamba una intaneti. Kuna mabando ya mitandao ya kijamii pekee, na mtu anakaa siku nzima akichati huku barua pepe haisogei. Pima kwa kufungua tovuti ya kawaida. Kama haifunguki na bando la kawaida unalo, hapo ndipo uangalie APN. Kwa Vodacom na Airtel ni neno internet tu kwa herufi ndogo, bila jina wala nenosiri. Simu ya laini mbili, angalia pia data imewashwa kwenye laini yenye bando. Na tarehe: simu iliyozimika chaji ikarudi na tarehe ya miaka ya nyuma itakataa kila seva ikidai muunganisho si salama. Weka tarehe ijipange yenyewe.

Umesema pia mhasibu wenu anatumia akaunti hiyo hiyo na barua nyingine hazioni. Hapo nahisi simu yako iko kwenye POP3, ambayo mara nyingi huchukua barua na kuzifuta kwenye seva. Futa akaunti kwenye simu, uiweke upya kwa IMAP, poti 993, SSL/TLS. Kabla ya kufuta, hamisha kwanza barua ambazo ziko kwenye simu peke yake, maana zitaondoka nayo. Mkubaliane na mhasibu vilevile, kwa sababu kwenye IMAP barua uliyoifungua wewe kwake itaonekana imeshasomwa.

Wenye Gmail ya kawaida kwenye programu nyingine za barua, tangu Mei 2022 Google haipokei tena nenosiri la kawaida huko. Ingia kupitia ukurasa wao wenyewe, au washa uthibitishaji wa hatua mbili kisha utengeneze nenosiri la programu, lile la herufi 16.

Mkuu, anza na poti. Ikigoma, nakili hapa maneno ya kosa kama yalivyo kwenye simu, pamoja na jina la seva ya kutuma. Nenosiri usiliweke hapa, wala usimpe mtu yeyote atakayekuja inboksi akisema anataka kukusaidia.