Maswali ya Wasomaji: Hesabu za Kundi la Kufuzu

Swali: Wahariri, hamjambo? Nasikia Uingereza iliwahi kuifunga Latvia 20-0 katika mechi ya wanawake ya kufuzu Kombe la Dunia. Mabao yote hayo yana faida gani? Na mbona huku Afrika hatuoni makundi ya namna hiyo?
*Msomaji, Kasese*

Jibu: Hatujambo. Ni kweli, ilikuwa tarehe 30 Novemba 2021, mjini Doncaster. Kwenye msimamo ushindi ule ulileta pointi 3 tu, sawa na ushindi wa 1-0. Uingereza ilimaliza kundi lake ikiwa imeshinda mechi zote 10, mabao 80 ya kufunga, hata moja la kufungwa. Aliyefuzu moja kwa moja ni kinara wa kundi peke yake. Austria, waliokuwa wa pili, walipelekwa kwenye mchujo.

Yako makundi yaliyokuwa na timu 6 na mengine timu 5. Kwa hiyo walipopanga washindi wa pili kwa ubora, mechi dhidi ya timu ya sita ziliondolewa kwenye hesabu. Mabao uliyomrundikia wa mwisho hayakukusaidia hapo. Baadaye Ulaya ikabadili mfumo: tangu 2023 timu za wanawake zimegawanywa katika ligi A, B na C kulingana na uwezo, na vigogo hawapangwi tena kundi moja na wanyonge. Tunaona ni uamuzi sahihi. Mchezaji hajifunzi lolote kwa kufungwa mabao ishirini, na anayefunga naye hajifunzi.

Afrika mara nyingi hufuzu kwa mtoano wa mikondo miwili, nyumbani na ugenini. Crested Cranes, timu ya taifa ya wanawake ya Uganda, walikwenda Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake, Morocco 2022, kwa njia hiyo: waliitoa Ethiopia kwa penalti, kisha Kenya ikajiondoa. Makundi tunakutana nayo kwenye fainali zenyewe.

Swali: Hapo hapo Morocco 2022. Tulitoka sare 2-2 na Burkina Faso tukarudi nyumbani. Wenzangu wa kibanda cha kuangalia mpira wanasema tungeshinda hata kwa bao moja tungeingia robo fainali, kwa kuwa washindi wa tatu walikuwa wanachukuliwa. Je, ni kweli?
*Msomaji, Arua*

Jibu: Hapana, na hesabu yake inafaa kufanywa pole pole, maana kosa hili linarudiwa kila mashindano.

Timu zilikuwa 12 katika makundi matatu. Wawili wa juu wa kila kundi walipita, jumla 6, wakaongezwa washindi wa tatu wawili walio bora kati ya watatu. Kabla ya mechi ya mwisho Uganda ilikuwa imefungwa 2-0 na Senegal na 3-1 na Morocco. Yaani pointi 0, bao 1 la kufunga, 5 za kufungwa, tofauti −4. Burkina Faso nayo ilikuwa na pointi 0, lakini ilikuwa imefungwa 1-0 mara mbili, tofauti −2.

Sare iliwapa wote pointi 1. Ana kwa ana, yaani katika mechi waliyokutana wenyewe, walikuwa sawa, ikaangaliwa tofauti ya mabao ya kundi zima, na Burkina Faso wakawa wa tatu.

Sasa tuseme tungeshinda. Tungekuwa wa tatu na pointi 3. Lakini Tunisia na Botswana nao walimaliza wa tatu katika makundi yao wakiwa na pointi 3. Tunisia walikuwa na tofauti 0, mabao manne kwa manne. Botswana walikuwa na −1, manne kwa matano. Ushindi wa bao moja ungetuacha na −3, wa mabao mawili −2. Yote mawili hayatoshi. Ushindi wa 3-0 ungetuweka sawasawa kabisa na Botswana: −1, na mabao manne ya kufunga. Ili tupite bila ubishi tulihitaji 4-1, au ushindi wa tofauti ya mabao manne.

Kwa hiyo kilichotuumiza zaidi ni mabao yale matano ya mechi mbili za kwanza. Kwenye kundi lenye nafasi ya mshindi wa tatu bora, ukiwa nyuma 2-0 dakika ya 80, kuzuia la tatu ni kazi yenye faida. Washindi wa tatu hawajakutana, hivyo hakuna ana kwa ana ya kuwatenganisha. Inabaki mabao.

Swali: Timu tatu zikilingana pointi, nani anaongoza?
*Msomaji, Mbale*

Jibu: Inategemea kanuni za mashindano hayo. Kombe la Dunia la Wanawake 2023 lilianza na tofauti ya mabao ya kundi zima. Mashindano ya CAF (shirikisho la soka la Afrika) na UEFA (la Ulaya) mara nyingi huanza na mechi za waliolingana wenyewe kwa wenyewe.

Tuseme Jinja inaifunga Mbale 1-0, Mbale inaifunga Gulu 3-0, Gulu inaifunga Jinja 1-0. Wote wanaifunga Soroti: Jinja 7-0, Mbale 1-0, Gulu 2-0. Kila mmoja ana pointi 6. Kwa kundi zima, Jinja anaongoza kwa +7, Mbale ana +3, Gulu 0. Ukiifuta Soroti, Mbale anaongoza kwa +2, Jinja 0, Gulu −2. Matokeo ni yale yale, bingwa tofauti.

Swali: Naandaa mashindano ya wasichana ya shule nne, uwanja ni mmoja. Nianzie wapi?
*Mwalimu wa michezo, Jinja*

Jibu: Mwalimu, timu nne zikikutana mara moja ni mechi 6 kwa siku tatu, mbili kila siku. Siku ya kwanza A na B, C na D. Ya pili A na C, B na D. Ya tatu A na D, B na C. Mechi ya nusu saa mara mbili, pamoja na mapumziko na kupasha misuli, itengee saa moja na nusu.

Siku ya tatu tafuta uwanja wa pili, hata wa shule ya jirani, mechi zote mbili zianze kwa wakati mmoja. Anayecheza baadaye akijua matokeo ya wenzake, anajua pia ni matokeo gani yanamtosha, na hapo ndipo timu mbili huelewana. Ujerumani Magharibi na Austria walishutumiwa kwa hilo kwenye Kombe la Dunia la wanaume 1982, na Algeria ikatolewa.

Kabla ya mechi ya kwanza andika mpangilio wa kutenganisha waliolingana: pointi, ana kwa ana, tofauti ya mabao, mabao ya kufunga, uchache wa kadi, kura ya bahati nasibu. Makocha wote wanne watie saini. Andika pia timu ikijitoa katikati itakuwaje. Kawaida matokeo yake yote hufutwa, kama yalivyofutwa ya Urusi, iliyofungiwa, katika kundi lake la kufuzu Kombe la Dunia la Wanawake 2023. Kila mechi ikiisha, manahodha wote wawili wasaini karatasi ya matokeo hapo hapo uwanjani, kabla hawajavua viatu.