Boise: usipande kuwahi mvua ya wiki hii, angalia usiku

Dada yangu USIPANDE. Rudisha hiyo miche ndani kwanza halafu ndio tuongee.

Kwa wanaoingia sasa hivi, dada ameandika kwamba yuko Boise, Idaho, tangu mwaka jana, amepewa kipande kwenye bustani ya jumuiya kule bondeni karibu na mto, ana miche ya nyanya, nyanya chungu na pilipili, na mbegu za mchicha, bamia na maharage. Wiki iliyopita joto lilifika nyuzi 27 za Selsiasi, sasa simu inamuonyesha Jumanne mpaka Ijumaa mvua na upepo, mchana 12 usiku 2, jua linarudi Jumamosi, na yeye anataka apande vyote kesho "niwahi mvua".

Sasa hapo kwenye kuwahi mvua ndipo nimeshindwa kupita kimya. Najua hiyo akili inatoka wapi, sisi wote tumelelewa nayo, nyumbani wingu likikusanyika unakimbilia jembe, mvua za kwanza ndio ruhusa ya kupanda na anayechelewa anachekwa na kijiji kizima. Huku Idaho ni kinyume chake kabisa. Mvua ya mwanzo wa mwezi wa tano huku haiji na joto, inaletwa na hewa baridi inayosukumwa kutoka bahari ya Pasifiki, inapita juu ya milima na kuingia bondeni, hewa ya juu ni barafu tupu wakati ardhi imeshapashwa na jua, ndio maana ndani ya saa moja unapata jua, radi, mvua, na punje nyeupe za barafu zinarukaruka kwenye lami, halafu jua tena. Na maji yenyewe wala usiyahesabu, Boise inapata kama milimita 300 tu kwa mwaka mzima, Dodoma inaizidi mbali, na bado Dodoma tunaiita kame. Kilimo cha huku ni cha mifereji, maji yanafunguliwa katikati ya mwezi wa nne mpaka mwezi wa kumi, kwa hiyo hakuna mvua ya kuwahi dada, maji utayapata tu. Usichoweza kufungulia bomba ni joto la usiku.

Mwaka wangu wa pili hapa nilipoteza msimu mzima kwa wiki ya namna hiyohiyo uliyoielezea, karibu nadhani ni utabiri uleule wameurudia. Nyanya nilinunua kwenye duka moja kubwa lenye kitengo cha bustani, trei kwa trei, hela ya ovataimu yote ilikwenda pale, maana nilikuwa nimeshaongea na watu wa jumuiya yetu, Wakongo, Warundi, Watanzania, kwamba mwezi wa nane nitakuwa na mzigo wa kuuza. Lakini nyanya chungu hizo hazikuwa za duka. Hizo nililea mwenyewe dirishani tangu mwezi wa pili, mbegu nilipewa na mama mmoja wa Kirundi, nazipeleka kwenye jua asubuhi nazirudisha jioni. Nikamuuliza yule kijana wa dukani wazi kabisa, je nipande sasa hivi? Akanijibu bila hata kufikiri, "sisi ni zoni ya 7, mwezi wa nne ukiisha uko salama, na mvua inakuja itakusaidia kumwagilia." Nikamuamini, kavaa aproni yenye jina, kwa nini nisimuamini?

Zoni ya 7! Hiyo namba jamani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani inakuambia kitu kimoja tu, baridi ya chini kabisa ya kipupwe huwa inafika wapi, yaani mti wako wa matunda utavuka mwezi wa kwanza au utakufa. Haisemi CHOCHOTE kuhusu baridi ya mwisho itakuja lini. Oklahoma City nayo iko zoni ya 7 na wenzetu kule wanapanda nyanya mwezi wa nne wanakula mapema, sisi huku tuko juu, hewa kavu, barafu ya alfajiri inaweza kutupiga mpaka katikati ya mwezi wa tano. Anayeuza miche hana habari na hilo au hataki kuwa nayo, maana miche yako ikifa unarudi kwake kununua tena. Wanajaza nyanya dukani mwezi wa nne kwa sababu wateja wamechoka na baridi wanataka kushika kitu cha kijani, mpaka leo nikizikuta zimepangwa mlangoni wakati milima bado ina theluji damu inanichemka.

Basi nikapanda vyote Jumamosi na Jumapili. Jumanne upepo, Jumatano mvua na zile punje, nikasema afadhali, inanyesha, haijaganda. Na hapa ndio pa kusikiliza vizuri dada. Siku za mvua zenyewe sio zinazoua. Wingu linafunika ardhi, joto halitoki. Kinachoua ni usiku UNAOFUATA baada ya mvua kuondoka, mbingu ni safi nyota zote nje, upepo umelala, kila mtu anasema hali ya hewa imetulia, hapo ndipo ardhi inatoa joto lake lote kwenda juu na hakuna cha kulizuia. Kwako wewe huo ni usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, ile ile Jumamosi uliyosema jua linarudi.

Usiku kama huo kwangu, simu yangu ilisema 36 za Fahrenheit, ndio hizo 2 zako. Juu ya sifuri, sio? Nikalala. Sasa kuna mambo ambayo hakuna aliyeniambia. Kipimajoto cha hali ya hewa kinakaa kama mita moja na nusu mpaka mbili juu ya ardhi, chini kwenye majani panaweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa, kwa hiyo simu inasoma 2 na jani linaganda. Halafu joto rasmi la Boise linapimwa uwanja wa ndege, na uwanja uko juu kwenye tambarare, wewe na mimi tuko chini karibu na mto, na hewa baridi ni nzito, usiku inateremka na kujikusanya huko huko chini kwenye bustani zetu. Na ndio maana ofisi ya hali ya hewa (National Weather Service) inaanza kutoa tahadhari ya barafu hata kabla utabiri haujagusa sifuri. Ukiona tahadhari hiyo usibishane nayo.

Nilifika bustanini kama saa moja asubuhi. Majani yalikuwa bado yamesimama, ila rangi imekuwa ya kijani kizito inayong'aa, kama mboga iliyochovywa kwenye maji ya moto. Nikashika jani moja la nyanya chungu likabaki limelowa kwenye vidole, halina nguvu kabisa. Kufika mchana jua limewaka vizuri, zote zimelala chini nyeusi. Jirani wa kiwanja cha pembeni alikuwa ameniambia jioni kabla ya usiku ule nifunike na nailoni, nikafunika upande mmoja, kila jani lililogusa nailoni liliungua vilevile. Kama utalazimika kufunika tumia shuka, weka vijiti liwe juu bila kugusa mmea, lifike mpaka chini kwenye udongo pande zote, na asubuhi litoe.

Nyanya unanunua nyingine, sawa. Nyanya chungu nitanunua wapi Boise? Zinataka zaidi ya miezi mitatu ya joto, ukizianza upya kwenye mbegu mwezi wa tano zinaanza kuzaa na baridi ya mwezi wa kumi iko mlangoni. Wale akina mama niliowaahidi waliniuliza mpaka nikawa naona aibu kwenda ibadani. Maharage nikafukua kuangalia, mbegu zimevimba, laini, zinanuka, zimeoza kwenye udongo wa baridi, hayo yanataka udongo wa nyuzi 16 hivi na bamia zaidi ya hapo.

Kwa hiyo sheria ni moja, nakuomba uishike hii tu mengine yote usahau: ANGALIA NAMBA YA USIKU, ya mchana usiitazame kabisa. Fungua utabiri wa siku kumi, kama kuna hata usiku mmoja chini ya 50 za Fahrenheit, yaani 10 zetu, nyanya, nyanya chungu, pilipili, bamia, mchicha havitoki nje kulala. Hata visipoganda, chini ya hapo mizizi ya nyanya inagoma kula, majani yanageuka zambarau kwa chini, mmea unadumaa na aliyepanda wiki tatu baada yako anakupita. Mchana wa 27 usikudanganye, huku hewa ni kavu, 27 ya mchana inaweza kuwa na 5 ya alfajiri. Na jua kuzama karibu saa tatu usiku nako kunafanya mtu aone kiangazi kimefika.

Wazee wa hapa wao wanaangalia mlima, ukisimama mjini ukatazama kaskazini kule Bogus Basin kuna kilele cha Shafer Butte, wanasema usipande nyanya mpaka theluji iishe pale juu. Nilidhani ni hadithi. Sasa hivi nenda dirishani uangalie, si nyeupe bado?

Kama mikono inakuwasha kupanda, sukuma wiki, vitunguu, karoti, spinachi, hivyo tia hata leo, baridi hii haviogopi.

Miche iache ikae nje mchana ikipata jua na upepo kidogo kidogo izoee, ila siku za upepo mkali au zile punje za barafu isitoke kabisa. Na jioni usisubiri giza, irudishe ndani mapema, weka alamu kwenye simu. Hiyo nyanya chungu umeilea mwenyewe au umepewa? Kama ni chache njoo PM, nina mbegu za akiba nimezigawa kwa watu watatu tayari, ila ujue zitakuwa za mwakani.