Kitambulisho hakikulindi, pigania namba ya meza

"Shikamoo kaka. Tumepewa siku saba tuhame. Vitambulisho tunavyo, ushuru tunalipa kila jioni, na mwenyekiti anasema tusiwe na wasiwasi. Tufanyeje?"

Dada aliyeniandikia anauza nguo za watoto kwenye soko la usiku. Nimeshamjibu pembeni, lakini najua wapo wengi wanaosubiri tangazo kama hilo, na safari hii nina cha kusema. Mwezi uliopita mtaa wetu ulipata kile ambacho kila kundi la wachuuzi linakililia: ramani yenye muhuri wa halmashauri, kila meza na namba yake, na saa za biashara zimeandikwa chini kabisa. Karatasi, siyo ahadi ya jukwaani. Kwa hiyo mnivumilie nikijisifu kidogo, maana siku ya uzinduzi hakuna aliyetutaja.

Kilichonishtua kwenye ujumbe ule ni huyo mwenyekiti. Kitambulisho kinasema wewe ni nani. Hakisemi unakaa wapi, wala mpaka saa ngapi. Tanzania ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo Desemba 2018, enzi za Rais Magufuli, na wengi wakaamini kukimbizana na mgambo kumekwisha. Kwa muda fulani walipumua kweli. Ilipofika 2021 na agizo la kuwapanga upya wamachinga, watu walihamishwa Dar es Salaam na miji mingine wakiwa na kadi zao mfukoni, kwa sababu kadi ile haikufungwa na kipande chochote cha barabara. Aliyeitoa hakudanganya. Ilimtambua mtu, basi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia mpaka mchoke: pigania mahali na saa, viandikwe.

Miaka yangu ya kuuza viatu nikiwa na mguu mmoja tayari kukimbia siisimulii, kila mchuuzi anayo yake. Nianzie pale halmashauri ilipobandika tangazo kwamba soko letu la usiku linafungwa kwa sababu wachuuzi wanaziba mitaro na mtaa unafurika. Jioni hiyohiyo tukakutana. Jazba zilipanda. Mmoja akataka tuandamane, mwingine akasema anamjua mtu ofisini, wa tatu alikuwa ameshaanza kuchangisha. (Ukiona mtu anachangisha kabla hajasema pesa inakwenda kwa nani, mkono wako uache mfukoni.) Mimi nikasema: kwanza tujihesabu. Nikazomewa. Walionizomea nawakumbuka vizuri, na baadhi yao leo wana meza zenye namba, tena pazuri, karibu na taa.

Tuliobaki tulikuwa wachache. Tukachukua futi kamba ya fundi cherehani, chaki na daftari la shule, tukaanza kupima soko likiwa limechangamka, maana mchana lile ni barabara tu. Kupima meza tupu ni kujidanganya. Meza zenyewe hazikuwa na shida kubwa. Shida ilikuwa ni vinavyoning'inia: henga zimetokeza mbele, mwavuli umetanda, stuli ya muuzaji iko nyuma, na mteja anayejaribu kiatu amekaa kwenye boksi katikati ya njia. Meza ya mita moja ilikuwa inakula karibu mita mbili. Alipita mama mmoja akisukuma kiti cha magurudumu chenye mwanawe, akafika kati ya meza ya mikanda na ya chaji za simu, akasimama. Hakusema neno. Alisubiri tu watu wapishe, halafu akageuza na kurudi alikotoka. Pale tukachora mstari wa chaki ardhini na kuandika pembeni yake: hapa hapaningʼinizwi kitu.

Kisha tukafika kwenye chemba. Mfuniko ulikuwa chini ya meza ya mzee mmoja anayeheshimika sana pale, mtu wa kwanza kutandika kwenye mtaa ule. Kumwomba asogeze meza ilichukua muda kuliko kupima mtaa mzima. Tulipouinua mfuniko kwa mtalimbo na kumulika kwa simu, juu palikuwa na plastiki za mashati mapya, henga zilizovunjika na chupa za maji. Hizo zilikuwa zetu, hakuna wa kukataa. Chini yake sasa: mchanga, kokoto na vipande vya matofali, vimeshikana kama zege. Katika soko letu hakuna anayeuza matofali. Jengo lililokuwa likipanda upande wa pili wa barabara lilikuwa likimwaga kifusi chake kwenye mtaro uleule. Tukapiga picha zote mbili, ya juu na ya chini, na kwenye barua yetu kwa halmashauri tukaweka zote mbili. Kuna waliotaka tupeleke ya matofali peke yake. Ningewasikiliza, afisa afya angetutoa nje kwa neno moja.

Hapa naomba msome taratibu. Ukienda ofisini na malalamiko, utasikilizwa na kupewa pole. Ukienda na ramani, wanavuta viti. Yetu ilichorwa kwenye karatasi ya manila kwa kalamu za rangi na kijana anayeuza vifuniko vya simu. Nyekundu ni chemba, kijani ni njia ya miguu, bluu ni pale gari la zimamoto linapopaswa kukata kona. Mwanasheria wa halmashauri alikuwa kwenye simu yake tangu kikao kianze. Karatasi ilipotandazwa akaiweka simu kifudifudi, akauliza: "Hii nani amewachorea?" Swali la dharau, lakini nililipenda. Wao walikuwa na makadirio ya zamani ya idadi ya meza, na hayakukaribia hesabu yetu.

Wala hatukuvumbua kitu. Singapore, ambayo watu hupenda kuitolea mfano wa usafi, iliwaandikisha wachuuzi wake mwaka 1968 na 1969, karibu 18,000, kisha kuanzia 1971 ikawajengea vituo vyenye maji na mifereji na kuwahamishia huko kidogo kidogo mpaka 1986. Mwaka 2020 UNESCO ikauweka utamaduni wa vituo hivyo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Viongozi wakirudi kutoka ziara za huko husimulia vigae na mabomba. Kuhesabu watu kwanza hawakusimulii, wala ile miaka 15 ya kuhamisha bila pupa.

India nako, sheria ya wachuuzi wa mitaani ya 2014 inasema mchuuzi asiondolewe mpaka uhesabuji ukamilike na vyeti vitolewe. Kamati ya mji inayopanga maeneo lazima wachuuzi wasipungue asilimia 40, wachaguliwe na wenzao, na theluthi yao wawe wanawake. Utekelezaji wake una matundu mengi, wachuuzi wa huko wanalalamika kila siku. Lakini wanalalamika wakiwa na kifungu cha sheria mkononi. Mimi nilikichapa, nikakipeleka kwenye kikao cha pili. Siyo sheria yetu, nilijua. Nilitaka tu waone kwamba tunachoomba kimeshaandikwa mahali fulani na mji haukuanguka.

Sasa niseme jambo ambalo halitawafurahisha. Adui wa kwanza wa ramani yetu hakuwa mgambo. Ni wenzetu wenye meza nyingi. Tulipoanza kuandika majina, ikaonekana baadhi ya meza zina mwenyewe asiyeonekana, na anayeuza pale anamlipa kila usiku. Bwana mmoja, msemaji mkubwa wa haki za wanyonge kwenye mikutano, alikuwa na meza pembe zote za mtaa. Nilipendekeza mtu mmoja, meza moja, na jina liwe la anayesimama pale. Nikapoteza marafiki. Simu zangu hawapokei mpaka leo, na mmoja wao tulilala gunia moja enzi za shida. Inauma, sikatai. Lakini angalieni New York: mwaka 1983 waliweka ukomo wa vibali vya kuuza chakula mitaani, na kwa sababu vilikuwa vichache kuliko wanaovihitaji, vikaanza kukodishwa kichinichini kwa maelfu ya dola. Anayechomwa na jua akawa anamlipa mtu aliyelala. Halmashauri ikikuletea mpango wa vibali vichache vya "watu waaminifu", usishangilie hata kama jina lako limo.

Na usiku una mambo yake. Mtu anayekupinga mchana ni mwenye duka, usiku ni mwenye kitanda. Wakazi wa ghorofa za juu walikuwa na hoja tatu, spika, jenereta na takataka za alfajiri, na zote zilikuwa za kweli. Tulikubali spika zizimwe mapema kuliko soko. Tukakubali pia kwamba anayefunga wa mwisho upande wake hahesabiwi amefunga mpaka njia imefagiliwa. Saa ndizo tulizozigombania sana. Ofisi ilitaka tuanze maduka yakishafungwa kabisa, sisi tukataka tupange watu wakitoka kazini, kwa sababu zile dakika tisini za watu kurudi nyumbani ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Bangkok mwaka 2018 waliwaondoa wachuuzi wa barabara ya Khao San kwenye njia ya miguu na kuwapangia jioni mpaka usiku wa manane, na vita ikawa kubwa. Ukinyamazia saa, utapewa mahali pazuri penye saa mbovu, na hutauza kitu.

Ndugu zangu, andikeni. Ukipeleka barua, pitia masijala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukilipa, dai risiti. Ukiahidiwa na afisa mkiwa mmesimama koridoni, ukifika nyumbani mwandikie: "Kama tulivyozungumza leo..." Andikeni hata yale mnayodhani hayana maana. Sisi wachuuzi tuna ugonjwa wa kuamini maneno ya mtu mkubwa akitushika bega. Bega halina kumbukumbu namba.

Mali ikichukuliwa, vilevile. Kwenye sheria ile ya India, anayechukua mali lazima aandike orodha na kukupa nakala, na mali isiyooza irudishwe ndani ya siku mbili za kazi ukishaidai na kulipa ada. Tuliomba hilo liingie kwenye makubaliano yetu. Mwanasheria akasema ni dogo. Nikamkumbusha Sidi Bouzid, Tunisia, tarehe 17 Desemba 2010: Mohamed Bouazizi alinyang'anywa mizani yake, akaenda ofisini kuidai, hakusikilizwa, akajichoma moto mbele ya jengo la serikali. Alifariki tarehe 4 Januari 2011, na siku kumi baadaye rais wa nchi akakimbia. Kikao kilikaa kimya, kifungu kikaingia. Sikusema kwa vitisho. Nilitaka waelewe kwamba mzigo unaotupwa nyuma ya gari la mgambo huwa ni mtaji wote wa mtu, na mara nyingi ni wa mkopo.

Siku ya uzinduzi walileta hema, viti vyenye vitambaa na mgeni rasmi. Akawashukuru wataalamu, wadau, mdhamini wa taa na bendi. Ramani ilichapwa upya kwa kompyuta, nembo ya halmashauri juu, na yule kijana wa kalamu za rangi hakupewa hata kiti. Alisimama nyuma na mimi. Nilijiambia siyo kitu. Ni kitu. Kama na ninyi mtafanya kazi hii, jiandaeni kuibiwa sifa, na msikubali kuibiwa ramani. Ile ya manila tunayo, imekunjwa kwenye bahasha kwa katibu, na ina saini za wote waliohudhuria kikao cha kwanza, akiwamo aliyeuliza nani ametuchorea.

Sasa hivi tumebaki na la ushuru. Halmashauri inataka kumpa wakala akusanye kila usiku, meza kwa meza. Sisi tunataka kila namba ya meza ilipiwe kwa simu, risiti ije kwenye simu ya mwenye meza, na jumla ya makusanyo ibandikwe kwenye ubao kila mwezi pamoja na kilichotumika kuzibua mitaro. Afisa biashara anasema mfumo haujaruhusu. Tumemwomba aandike barua ya kutueleza mfumo gani, na kifungu gani kinazuia. Bado tunaisubiri.