Picha Kubwa ya Ukutani: Uitoe Nyumbani au Uitume Labu? Maswali Yenu na Majibu

Msimu wa harusi umeleta maswali ya aina moja: mtu ana picha, anaitaka kubwa, na hajui aitolee hapahapa Kigoma au aitume labu, yaani maabara ya kutolea picha, Dar es Salaam. Yaliyofanana nimeyaunganisha. Walioniuliza bei tu nimewaruka. Bei iko dukani, na inabadilika.

Nina picha ya harusi niliyotumiwa kwa WhatsApp. Naitaka inchi 20 kwa 30 ya sebuleni. Steshenari wanasema inatoka, fundi mwingine anasema haiwezekani. Nimsikilize nani? (Dada wa Mwanga)

Wote wawili wamesema kweli, dada. Mashine haikatai picha. Itakutolea hata ya inchi 40. Shida ni kitakachoonekana juu ya karatasi.

WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza, upande mrefu ukabaki na pikseli (vitone vinavyounda picha) kama 1600. Gawanya 1600 kwa inchi 30: unapata nukta 53 kwa inchi moja. Picha ya kushika mkononi inataka nukta 300. Ya kutazamwa ukiwa kwenye kochi, 150 zinatosha, na ukiwa mbali zaidi hata 100 hazikuaibishi. Kwa 53, lesi ya shela inageuka doa jeupe na kope za bibi harusi zinakuwa mstari mmoja wa masizi. Labu ya Dar nayo itakutolea doa hilohilo, kwa karatasi nzuri zaidi.

Mfuate mpiga picha wako akupe faili halisi kwenye flashi, au akutumie kwa WhatsApp hiyohiyo lakini kama dokumenti, isipunguzwe. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya 6000 kwa 4000. Gawanya 6000 kwa 30, ni 200. Hiyo nenda nayo popote. Lakini mfuate leo, maana wapiga picha wetu wakishapata kazi nyingine hufuta kadi ya kamera.

Na kama faili halisi imeshapotea? Toa inchi 8 kwa 10, kisha nunua fremu kubwa na uizungushie kadibodi nyeupe pana. Ukuta utajaa na sura itabaki safi. Nimeona sebule ambazo picha ndogo ya namna hiyo inavutia kuliko mabango yote ya jirani.

Tulituma picha ya ukoo itolewe 16 kwa 20. Imerudi baba mdogo aliyekaa pembeni amekatwa bega lote. Ni uzembe wa labu? (Msomaji, Gungu)

Hapana, ni umbo. Picha ya kamera kubwa ina umbo la 3 kwa 2, na karatasi ya 16 kwa 20 ni fupi kwa umbo hilo. Ili watu wote waingie ilitakiwa 16 kwa 24, kwa hiyo inchi nne zimekatwa, na baba mdogo alikuwa ndani yake. Kwa picha za kamera chagua 12 kwa 18, 16 kwa 24, 20 kwa 30 au 24 kwa 36. Kwa za simu, ambazo nyingi ni 4 kwa 3, chagua 12 kwa 16 au 18 kwa 24. Ukishang'ang'ania 16 kwa 20, waambie waache ukingo mweupe wasikate. Na fremu nunua mwisho. Watu wengi hununua fremu kwanza kwa sababu ni nzuri, halafu wanamkata ndugu ili aingie.

Tulifiwa na mama ghafla, mazishi yakawa kesho yake. Picha tuliyokuwa nayo ni ya kitambulisho. Iliyowekwa mbele ya jeneza ilikuwa kubwa lakini haikuwa yeye. Kuna namna bora, isije ikatokea tena? (Msomaji, Kasulu)

Poleni sana. Hapa labu haina nafasi: ukituma faili leo, picha inarudi watu wameshatawanyika. Hii ni kazi ya printa ya wino iliyo karibu, iwe ya nyumbani au ya studio ya mtaani, na ndiyo kazi ambayo printa ndogo inaishinda labu kabisa.

Kabla ya kugusa kitambulisho, watafuteni wajukuu. Katika simu za ukoo mzima haikosekani picha ya mama akiwa kwenye kipaimara au mahafali, amekaa kivulini, akitazama kamera. Mwambieni mwenye simu aitume kama dokumenti. Ikikosekana, tafuteni paspoti saizi ya zamani, ile iliyosafishwa kwa dawa studio. Picha ya milimita 35 kwa 45 ukiiskani kwa nukta 1200 unapata karibu pikseli 1650 kwa 2100, na hiyo inabeba A4 bila aibu. Msiipige kwa simu. Mng'ao wa taa unaondoka na nusu ya paji la uso. Steshenari nyingi zina skana ya kulaza, isipokuwa imewekwa nukta 200 za kuskani vyeti na hakuna anayekumbuka kuibadilisha. Simama hapo mpaka ibadilishwe.

Kitambulisho kiwe cha mwisho kabisa. Picha yake ni ndogo, imechapwa juu ya michoro ya usalama, na ukiikuza unakuza michoro pia.

Sasa hizo programu za kukuza picha kwa akili mnemba. Nadhani ndizo zilizowapa sura isiyo ya mama. Programu haijui uso wa mtu wenu. Inabuni kope, inabuni meno, inalainisha kovu ambalo watoto wote wanalijua. Kwa ukuta wa saluni sina ugomvi nazo. Kwa marehemu, mimi nasema A4 halisi, yenye ukungu kidogo, kuliko A2 ya mtu mwingine. Mkitaka kikubwa cha kuonekana barabarani, wekeni bango la fleksi pale getini. Linatazamwa kwa mbali, kwa hiyo hata faili dhaifu linaivumilia.

Kwenye kompyuta watu wanang'aa, nikiprinti wanatoka weusi kama mkaa. Nimebadilisha wino, bado. (Kijana, Ujiji)

Anza na skrini kabla ya printa. Kompyuta yako imewashwa mwanga wa juu kabisa, kwa hiyo unaona picha angavu ambayo kwenye faili haipo. Shusha mwanga mpaka karatasi nyeupe uliyoshika kando ya skrini ilingane nayo, uone. Pili, angalia umeiambia printa inatumia karatasi gani. Ukiweka karatasi ya glosi, ile ya kung'aa, huku umeacha maelezo ya karatasi ya kawaida, wino unamwagika kwa kipimo kisicho chake. Tatu, huo wino ulionunua: kama si wa asili wa printa, rangi haitalingana na maelezo yaliyomo ndani ya mashine, na hakuna kitufe cha kuirekebisha mara moja ikakaa.

Usiwaangaze watu kwa kuinua picha nzima, shela itaungua. Inua vivuli vya uso peke yake. Kata kipande cha sura moja, kitoe kwenye robo ya A4, kitazame mlangoni kwa mwanga wa mchana, rekebisha, toa tena. Uhuru huo wa kujaribu hapohapo huwezi kuupata labu.

Tena ngozi zetu hazikuwa kipimo cha mashine hizi tangu zamani. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak walikuwa wakipelekea labu kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe, na mafundi waliiita Shirley. Rangi ya Shirley ikikaa sawa, kazi ilihesabiwa imekwisha. Wengine tulitoka vile tulivyotoka. Siku hizi mambo yamebadilika, lakini mashine ya labu iliyoachwa isahihishe yenyewe bado inaweza kumchubua mtu au kumtia wekundu. Kwa hiyo ukituma picha ya 20 kwa 30, omba kwanza kopi ya 4 kwa 6 kwa karatasi ileile. Ukiipenda, waambie watoe kubwa bila kugusa rangi.

Nataka kununua printa ya A3 niwatolee watu picha kubwa Kibondo, waache kutuma Dar. Italipa? (Kijana mjasiriamali)

Italipa, ila si kwa picha kubwa.

Printa za matangi ya wino wa rangi sita, kama Epson L1800, hufika inchi 13 kwa 19. Juu ya hapo huna mashine. Anayetaka 24 kwa 36 utamwambia nini? Usije ukamuunganishia karatasi ndogondogo. Maungio yataonekana hadi barabarani. Kitakachokulisha ni paspoti, A4 za mahafali na A3 za misiba na harusi. Zilizo kubwa zaidi pokea oda, hakiki faili, tuma labu, na ujilipe kwa kuhakiki. Watu wengi hawajui kugawanya pikseli kwa inchi, wewe unajua.

Hesabu zako zisiishie kwenye wino na karatasi. Weka karatasi zinazoharibika, maana A3 moja ikiingia upande umepoteza faida ya picha kadhaa. Weka wino unaoliwa na kusafisha hedi, kile kichwa kinachorusha wino. Picha isiyo na ukingo hurusha wino nje ya karatasi, unanywewa na sponji iliyo tumboni mwa printa. Sponji ikijaa kwa hesabu ya mashine, printa inagoma mpaka fundi. Kwa hiyo acha ukingo pale mteja asipoujali.

Wanaouza printa zilizotumika waulize swali moja kabla ya yote: imewahi kuprintia fulana? Nyingi za aina hii zilijazwa wino wa sablimesheni (wa kuhamishia picha kwenye nguo kwa joto) au wino mweupe wa nguo, na huo mweupe huganda kwenye tundu za hedi. Omba itolewe karatasi ya kupimia tundu mbele yako. Mistari ikikatika, funga pochi yako.

Halafu umeme. Printa ya wino hula umeme kidogo, UPS ndogo (betri ya akiba) inaitosha kumaliza picha iliyo katikati. Lakini zoea kuizima kwa kitufe chake, usichomoe ukutani. Ukiizima kwa kitufe, hedi inarudi nyumbani kwake na kufunikwa. Ukichomoa inaweza kubaki wazi, na kwa vumbi la kiangazi ikikaa hivyo siku kadhaa wino unakauka mdomoni. Hata kama huna kazi, toa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki.

Ipi hukaa miaka mingi, ya labu au ya nyumbani? (Wengi)

Uliza imetengenezwa kwa nini, usiulize imetoka wapi. Labu zenye mashine ya dawa huchora picha kwa mwanga juu ya karatasi yenye chembe za fedha, kisha karatasi hupita kwenye dawa na kuoshwa. Hiyo hukaa miongo. Ila mashine nyingi za namna hiyo huishia upana wa inchi 12, na kwa kubwa zaidi labu nayo hutumia printa ya wino, ikiwa na wino wa pigmenti (chembe za rangi zisizoyeyuka), ambao pia hudumu. Waulize. Printa nyingi za matangi za nyumbani hutumia wino mwepesi, wa rangi iliyoyeyuka kwenye maji. Rangi tamu, lakini jua na unyevu vinaumaliza mapema.

Hapa kwetu nyumba nyingi za mteremkoni zinatazama ziwa, yaani magharibi, na jua la saa kumi linapiga ukuta wa ndani kabisa. Ukuta huo mpe saa au kalenda. Na mwenye fremu asibandike picha kwenye kioo. Masika ikija vitashikana, ukitaka kuitoa uso unabaki kwenye kioo. Kadibodi nyembamba katikati inatosha. Picha ya wino iache ikauke siku nzima kabla ya kuifunga.

Nina picha nyeusi na nyeupe, inchi 5 kwa 7, nikiwa kijana mbele ya stesheni ya Kigoma. Wajukuu wanaitaka kubwa. (Mzee, mstaafu wa reli)

Shikamoo mzee. Iskaniwe kwa nukta 600: utapata pikseli 3000 kwa 4200, inayofika kama inchi 15 kwa 21 vizuri. Hii usiitolee printa ya nyumbani. Zile za rangi sita hutengeneza kijivu kwa kuchanganya rangi, na ukuta wa stesheni utatoka na ukijani au uwaridi. Tuma labu yenye printa ya wino mweusi wa ngazi kadhaa. Picha yenyewe usiipe mtu aende nayo Dar. Tuma faili, karatasi ibaki kabatini kwako.

Wakishatoa, inafikaje bila kukunjika? (Wengi)

Ikunjwe mviringo, izungushiwe karatasi laini, iingie kwenye kipande cha bomba la plastiki la maji, lile pana. Waombe labu; wasipokuwa nalo, duka la vifaa vya ujenzi watakukatia. Maboksi ya kadibodi yanalaliwa na magunia. Juu ya bomba andika namba mbili za simu, yako na ya mtu anayekaa karibu na stendi, maana basi la Dar halichagui saa ya kuingia. Ukilipokea usiifungue hapohapo stendi. Ilaze nyumbani juu ya meza usiku mmoja, uso juu, na vitabu kwenye pembe.