Mbegu za Bt: Kazi Huanza Kibali Kikishatoka

Kampuni za mbegu za Bt, yaani mahindi yaliyopandikizwa kinasaba cha bakteria ili yatengeneze sumu ya kuua funza, huhangaikia kibali kwa miaka, kisha mifuko ikifika dukani huona kazi imekwisha. Mwaka 1998 Marekani iliruhusu mahindi ya Bt ya StarLink kwa chakula cha mifugo, si cha watu. 2000 yakakutwa kwenye vyakula vya watu. Nafaka mbili zisizotofautika kwa macho hazitatengana kwa maandishi ya lebo. Kama kibali chako ni cha mifugo pekee, usiuze mbegu hiyo kabisa.

Jambo linalopuuzwa mno ni kimbilio, yaani eneo la mahindi yasiyo na Bt linalopandwa jirani na ya Bt. Wakulima wengi huona ni kulisha wadudu bure, na tunawaelewa, maana mara nyingi hakuna aliyewaeleza sababu. Funza wachache wanaonusurika kwenye Bt wakishakuwa nondo, wanatakiwa wapate nondo wa kawaida wa kujamiiana nao. Watoto wao hurithi usugu upande mmoja tu, na sumu ikiwa ya kutosha kwenye mmea, inawaua. Kimbilio kisipokuwepo, sugu hukutana na sugu. Afrika Kusini, ambako mahindi ya Bt yalianza kulimwa 1998, usugu wa funza wa mabua uliripotiwa 2007, na vimbilio huko vilikuwa vimepuuzwa sana miaka ya mwanzo.

Kanuni za huko zinampa mkulima chaguo: kimbilio cha asilimia 20 ya mahindi yake kinachoruhusiwa kupuliziwa dawa, au cha asilimia 5 kisichopuliziwa kabisa. Lakini eneo peke yake halitoshi. Panda kimbilio siku zile zile, kwa mbegu inayokomaa sawa na ya Bt. Kikichelewa, nondo wake watatoka wale sugu wakiwa wameshajamiiana. Usipulizie humo dawa yenye Bt. Na mkaguzi afike shambani mimea ikiwa bado michanga, apime majani kwa ukanda, yaani kipande cha kipimo kinachoonyesha kwa mistari kama kuna protini ya Bt. Kuuliza kwa simu baada ya mavuno hakuna maana.

Kwenye nafaka isiyotakiwa kuwa na Bt, chota sampuli juu, katikati na chini ya shehena. Punje 300 zikipimwa na isionekane hata moja ya Bt, una uhakika wa asilimia 95 kuwa mchanganyiko hauzidi asilimia 1. Ukitaka asilimia 0.1, andaa punje 3,000 hivi, ukizigawa mafungu yasiyozidi uwezo wa kipimo. Saga, ongeza maji kwa kiasi alichoelekeza mtengenezaji, tikisa, chovya ukanda. Mistari miwili, Bt ipo; ukionekana wa uhakiki tu, haipo; wa uhakiki usipotokea, kipimo hicho hakifai, rudia. Kumbuka ukanda wa Cry1Ab, ambayo ni mojawapo ya protini za Bt, hauoni protini nyingine, kwa hiyo jibu la "haipo" lisichukuliwe kuwa nafaka haina vinasaba vya kupandikizwa.

Mashine za kupanda na kuvuna zisafishwe kila mbegu inapobadilika, na maotea, yaani mimea inayojiotea kutokana na punje zilizodondoka, yang'olewe kabla hayajatoa chavua.

Ukikuta mchanganyiko, zuia shehena nzima, hifadhi sampuli iliyofungwa kwa lakiri, fuatilia namba ya loti hadi kila duka lililoipokea, na mjulishe mdhibiti siku hiyo hiyo, hata kama majibu ya maabara hayajarudi.