Waulizwe kwanza waliomo ndani

Swali la wiki hii lilitaka tuseme mfungwa aliyezaliwa mwanamume na sasa anaishi kama mwanamke afungwe gereza gani, na kama kampeni zinazopigwa Uingereza kuhusu jambo hilo zimeleta faida yoyote. Mimi nasema hivi: mtu mwenye historia ya kubaka au kuwashambulia wanawake asiingizwe kati ya wafungwa wanawake, ajitambulishe atakavyo. Asiye na historia hiyo naye asisukumwe katika selo ya wanaume kana kwamba roho yake si roho. Kampeni zimefanya mema mawili matatu, lakini zimetuzoesha ubaya mmoja mkubwa, nao ni kuamua mambo ya gereza kwa kufuata jina la mtu mmoja aliyetokea kwenye vichwa vya habari.

Majina yenyewe ni haya. Mwaka 2017 Karen White, akiwa mahabusu, alipelekwa New Hall, gereza la wanawake karibu na Wakefield. Kisheria alikuwa bado mwanamume, ila alijieleza kuwa mwanamke. Akiwa humo aliwashambulia kingono wafungwa wawili wanawake. Oktoba 2018, mahakama ya Leeds ilimhukumu kifungo cha maisha, pamoja na makosa mengine ya ubakaji aliyoyafanya kabla ya hapo. Idara ya magereza iliomba radhi na kukiri kwamba historia yake ya makosa haikuzingatiwa alipopangiwa gereza, na mtu huyo alikwisha kupatikana na hatia ya kumdhulumu mtoto kingono. Hapo ndipo damu yangu huchemka. Rekodi ilikuwepo, na haikuhitaji mjadala wa mwanamke ni nani. Ilihitaji ofisa afungue faili, asome, kisha aseme hapana. Waliolipia uzembe huo ni wanawake wawili ambao walifungiwa naye na hawakuwa na pa kukimbilia.

Wanawake ni kama asilimia 4 tu ya wafungwa wote wa England na Wales, karibu 3,500. Zaidi ya nusu yao wameshawahi kupigwa au kuteswa na mwanamume nyumbani. Kwa hiyo wanaposema wanaogopa, hofu yao haikuzuliwa na magazeti. Mimi huzuru gereza moja la wanawake hapa Kenya na akina mama wenzangu wa kanisa. Tunapeleka sabuni, pedi na nguo za watoto wachanga. Bafu la pale ni chumba kimoja chenye mabomba ukutani, bila pazia wala mlango. Kuna mama mmoja ambaye kila siku huoga na leso yake kifuani, mgongo ameugandamiza ukutani. Aliniambia tangu aolewe hajawahi kumpa mtu mgongo. Sera ya gereza lolote la wanawake, liwe la Wakefield au la kwetu, lazima ianze na mtu kama huyo, na mimi sikumbuki kampeni iliyoanza naye.

Kuna mfungwa mwanamke aliyepeleka kilio hicho mahakamani London. Alisema alishambuliwa kingono mwaka 2017 katika gereza la wanawake la Bronzefield na mfungwa aliyebadili jinsia, na Julai 2021 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi. Majaji walikubali kwamba hofu ya wanawake inaeleweka, lakini wakasema sera yenyewe ya kuwapangia magereza waliobadili jinsia si haramu, maana serikali ina haki ya kupima maslahi ya pande zote mbili. Kesi alishindwa, lakini namheshimu mama huyo kuliko wengi walioandika juu yake, kwa sababu alisema yaliyompata yeye mwenyewe.

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao wasomaji wengi wa gazeti hili hawapendi kuusikia. Mwishoni mwa 2015, Tara Hudson alihukumiwa wiki 12 akapelekwa gereza la wanaume la Bristol, ingawa alikuwa ameishi kama mwanamke miaka mingi. Watu zaidi ya 100,000 walitia saini ombi la kumtetea, na baada ya siku chache akahamishiwa Eastwood Park, gereza la wanawake. Novemba mwaka huohuo Vikki Thompson, kijana wa miaka 21 aliyeishi kama mwanamke, alikutwa amekufa katika gereza la wanaume la Leeds. Kabla ya mwezi kwisha, Joanne Latham, naye wa hali hiyohiyo, alikutwa amekufa katika gereza la wanaume la Woodhill. Sera iliyolegezwa baadaye, ile iliyokuwa ikitumika White alipopelekwa New Hall, ilizaliwa katika majonzi hayo. Waliolia mwaka 2015 walikuwa na haki ya kulia. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza: na huko mnakotaka wapelekwe, wenyeji wameulizwa?

Januari 2023 mambo yakageuka tena. Isla Bryson, aliyepatikana na hatia Glasgow ya kuwabaka wanawake wawili kabla hajaanza kuishi kama mwanamke, alipelekwa Cornton Vale, gereza la wanawake la Uskoti, akawekwa peke yake. Kelele zikapanda hadi bungeni Edinburgh, na siku mbili hazikupita kabla waziri mkuu wa Uskoti wa wakati huo, Nicola Sturgeon, hajatangaza kwamba Bryson hatakaa humo. Mwezi uliofuata England na Wales zilikaza sheria zao: mwenye kosa la ngono au la ukatili, au mwenye maumbile ya kiume, haendi gereza la kawaida la wanawake mpaka waziri atoe kibali maalumu. Naiunga mkono. Wizara ya Sheria yenyewe ilisema wakati huo kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wanawake waliobadili jinsia walioko gerezani wako katika magereza ya wanaume. Hao ndio wengi, na sijaona wapiga kampeni wa upande wowote wakiuliza usiku wao unapitaje.

Kwangu mimi jambo la maana kuliko saini zote lilifanyika kimyakimya mwaka 2019 katika gereza la wanawake la Downview, huko Surrey. Walitenga jengo, liitwalo E Wing, kwa ajili ya wafungwa waliobadili jinsia, likiwa na askari na utaratibu wake. Jengo linagharimu pesa, na halimpi mwanasiasa maneno matamu ya jukwaani, labda ndiyo maana halizungumzwi. Lakini humo mtu halazimiki kuogopa wanaume usiku kucha, na mama wa leso halazimiki kuoga naye.

Na tusijidai kwamba hili ni la Wazungu. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru R.M., mfungwa huntha (mwenye maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike waziwazi) aliyekuwa gereza la Kamiti, alipwe shilingi 500,000 kwa jinsi alivyodhalilishwa akipekuliwa. Huntha amezaliwa hivyo, na suala lake si sawa na la aliyebadili jinsia, lakini swali la selo ni lilelile. Bunge likafuata mwaka 2014 na sheria ya watu walionyimwa uhuru, inayotaka huntha awekwe mbali na wafungwa wengine na achague mwenyewe apekuliwe na askari wa jinsia gani. Aliyebadili jinsia sheria hiyo haimtaji. Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa mmoja wao fidia ya shilingi milioni 1 kwa alivyotendewa baada ya kukamatwa mwaka 2019, na jaji akaitaka serikali ipeleke bungeni sheria ya kuwalinda.

Sheria hiyo ikija, naomba wabunge waandike ndani yake mambo mawili. Historia ya makosa ya kila mfungwa isomwe kabla hajapangiwa gereza, na jina la ofisa aliyeisoma liandikwe. Na kamati itakayoamua iwe na kiti cha mwanamke aliyewahi kufungwa. Wapo wengi walioachiliwa, wanauza mboga na kushona nguo mitaani kwetu. Mkitaka, nitawapa njia ya kuwafikia.