Kukimbia juu ya vilima vya chaki: ushauri kwa anayeanza njia za South Downs

Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikikimbia karibu kila Jumamosi kwenye vilima vya South Downs, kusini mwa Uingereza, na Waswahili wenzangu wanaoishi Brighton na London huniuliza swali lile lile: nianze na njia ipi, na ni ya kilomita ngapi? Mimi huwajibu kwamba kilomita zisubiri kwanza. Juu ya ardhi ya chaki mambo yanayoamua utafikaje ni mawili, yaani hali ya udongo siku hiyo na upande unakovuma upepo. Kilomita 15 za Agosti na kilomita 15 hizo hizo za Januari ni safari mbili tofauti kabisa, na aliyejiandaa kwa moja hajajiandaa kwa nyingine.

Chaki ya vilima hivi ni mwamba mweupe na laini, uliojengwa na mabaki ya viumbe vidogo mno vya baharini vilivyotua chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita. Kwa aliyekulia maweni, kama mimi niliyekulia Makunduchi, tabia yake si ngeni sana. Ni jamaa ya lile jiwe letu la matumbawe: maji ya mvua hayatuami juu yake, hupenya na kuzama chini. Ndiyo maana utakimbia saa tatu juu ya vilima hivi bila kukutana na kijito hata kimoja, ilhali vijiji vingi vya kale vimejipanga chini, kwenye mguu wa vilima, pale maji yanapochomoza tena. Mito iliyopo imevikata vilima kutoka kaskazini kwenda kusini, na kila unapoufikia mto ujue kwamba mteremko mrefu umekwisha na mpando mrefu unaanza.

Kwa sababu hiyo ya maji kuzama, mgongo wa vilima hukauka haraka baada ya mvua, na nyasi zake fupi, zinazoliwa na kondoo tangu karne nyingi, ni laini chini ya mguu kuliko ardhi yoyote niliyowahi kukimbia. Huko chini mambo ni mengine, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi hushika maji na matope yake hudumu karibu majira yote ya baridi. Hatari yenyewe iko katikati, kwenye miteremko ambako chaki imekanyagwa na viatu, kwato na magurudumu ya baiskeli mpaka nyasi zikatoweka. Ikilowa, chaki ya namna hiyo hutengeneza uji mwembamba juu ya jiwe gumu, na uji huo huteleza kama sabuni.

Hilo nililijua Februari moja nikishuka kutoka kilele cha Firle Beacon kuelekea kijiji cha Firle. Mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri, juu kilimani nyasi zilikuwa zimeshakauka kwa upepo, nami nikachukulia kwamba na mteremko utakuwa vivyo hivyo. Sikuwa nimezingatia kwamba upande wa kaskazini wa vilima hivi umekatika ghafla kama ukuta, na wakati wa baridi jua haliupati. Hatua ya tatu miguu yote miwili iliniponyoka, nikaangukia mkono wa kulia juu ya jiwe lililochomoza katikati ya njia. Lilikuwa jiwe la ajabu: nje lina gamba jeupe kama chokaa, ndani ni jeusi linalong'aa kama kioo, na pale lilipovunjika makali yake yalikuwa kama ya wembe. Tangu utotoni nilikuwa nikiwasikia wazee wakitaja bunduki za gumegume bila kujua gumegume ni kitu gani. Nililijua siku ile, nilipokuwa nikitoa kipande chake kiganjani.

Gumegume limejaa kwenye chaki ya vilima hivi. Kuta nyingi za nyumba za zamani mjini Lewes na vijijini zimejengwa kwa jiwe hilo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba upandie upande wa kaskazini na ushukie upande wa kusini, unaoteremka taratibu kuelekea baharini, au ufuate mgongo wa kilima mpaka unapokwenda. Kupanda penye mwinuko mkali kunachosha mapafu tu, bali kushuka hapo penye utelezi kunavunja mifupa. Ikibidi ushuke, acha njia nyeupe ukanyage nyasi za pembeni yake, fupisha hatua, kunja magoti, wala usijivute nyuma, kwa maana anayeegemea nyuma ndiye miguu humtangulia. Viatu viwe na meno ya kiasi chini ya soli. Meno marefu sana yanafaa matope ya bondeni, lakini wakati wa kiangazi, juu ya chaki kavu iliyojaa mawe, utayahisi kila hatua.

Njia ninayompa kila anayeanza ni ya kutoka stesheni ya Hassocks mpaka Lewes, kama kilomita 15, kwa sababu unakwenda kwa treni na kurudi kwa treni, na mpando mkubwa unaumaliza mapema mwili ukiwa bado una nguvu. Unapanda hadi kwenye vinu viwili vya upepo vya Clayton, viitwavyo Jack na Jill, kisha unashika mgongo wa kilima kuelekea mashariki hadi Ditchling Beacon, penye mita 248 juu ya usawa wa bahari. Kushoto kwako utaona nyanda za mashamba na misitu hadi upeo wa macho, na kulia, siku yenye anga safi, bahari. Kabla ya kilele cha Black Cap njia kuu ya South Downs Way, ambayo alama yake ni tunda la mwaloni, inakata kulia kwenda kusini. Wewe usiifuate, endelea mbele upitie uwanja wa zamani wa mbio za farasi, uliofungwa mwaka 1964, na uteremke taratibu mpaka mjini. Mshale wa njano kwenye nguzo ni njia ya watembea kwa miguu peke yao. Wa buluu unaruhusu pia farasi na baiskeli, na huko ndiko chaki imechimbika zaidi.

Ukishaizoea hiyo mara tatu au nne, iko njia ninayoipenda kuliko zote: Southease hadi Eastbourne, karibu kilomita 29. Tafadhali ikimbie kuelekea mashariki. Upepo wa huku mara nyingi hutoka kusini-magharibi, na juu ya vilima hakuna mti wa kuuzuia, hivyo anayekwenda magharibi hupigana nao saa zote nne wakati mwenzake anasukumwa mgongoni. Nimewahi kuikimbia kinyume nikiwa na rafiki, na tulipofika Firle Beacon tulikuwa tunatembea, meno yakigongana, ingawa ulikuwa mwezi wa Mei. Tangu hapo jaketi jepesi la kuzuia upepo halitoki mkobani mwangu, hata jua likiwaka.

Maji nayo yahesabu kabla ya kuondoka. Southease kuna bomba, na baada ya hapo hadi kijiji cha Alfriston, kama kilomita 12 mbele, usitegemee kitu. Utaona madimbwi ya mviringo juu ya vilima, yaliyochimbwa na kukandikwa udongo wa mfinyanzi ili wanyama wapate maji. Hayo ni ya kondoo na ng'ombe. Wakati wa joto mimi hubeba lita moja na nusu. Alfriston najaza tena, nafuata bonde la mto Cuckmere hadi Exceat, na hapo hujipima kwa ukweli: kama miguu imechoka, basi namba 12 linapita hapo hapo na hakuna aibu kulipanda, maana sehemu iliyobaki ndiyo ngumu kuliko zote.

Sehemu hiyo ni Seven Sisters, vilima vinavyopanda na kushuka mfululizo juu ya magenge meupe, halafu Birling Gap, halafu Beachy Head yenye genge la kimo cha mita 162 juu ya bahari. Hapa naomba nisikilizwe. Chaki ya magenge haya inaliwa na bahari kutoka chini, na huanguka vipande vikubwa bila onyo, kwa hiyo ukingo unaouona imara unaweza kuwa umebaki kama upenu usio na nguzo. Mwaka 1999 mnara wa zamani wa taa wa Belle Tout ulilazimika kusogezwa mzima mzima mita 17 kuelekea bara ili usiporomoke. Kimbia mbali na ukingo, na picha zipige ukiwa umesimama huko huko mbali. Ukungu ukishuka, au upepo ukivuma kutoka bara kwa nguvu, ishia Exceat. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na kama hujapita Birling Gap ifikapo saa tisa, umechelewa. Tochi ya kichwani haikuonyeshi genge liko wapi.

Ng'ombe wenye ndama wapitie mbali na kwa kutembea, na kila geti liache ulivyolikuta. Ukifika nyumbani kagua miguu nyuma ya magoti kama kuna kupe, kwani huku wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Kisha osha viatu jioni hiyo hiyo kwa maji baridi na brashi. Chaki ikishakauka kwenye kitambaa hushika kama lipu, na ukivianika karibu na hita gundi ya soli huachia. Mimi huvijaza magazeti makavu ndani, nikayabadilisha kabla ya kulala, na asubuhi vinakuwa tayari.